Nondo 16 za 12: kisa cha duka la vifaa vya ujenzi Tanga lililotaka oda zijiendeshe zenyewe

Duka liko Ngamiani. Linauza saruji, nondo, mabati, rangi na misumari, kwa jumla na kwa rejareja. Lina stoo mbili, moja nyuma ya duka na nyingine Kange. Lina Canter mbili, na mizigo midogo ya mjini hupelekwa kwa guta la kukodi. Ni duka la mfano, na hesabu za oda zilizotajwa humu ni za mfano pia, ila makosa yake ni yale yale yanayozikuta biashara zinazopokea oda kwa WhatsApp.

Kwa siku huingia oda 60 hivi. Arobaini zinakuja WhatsApp, 12 kwa kupiga simu, zilizobaki kaunta. Simu ya duka ni moja na makarani wawili wanapokezana. Oda inaweza kuja kwa maandishi, kwa picha ya karatasi ambayo fundi ameandika kwa penseli, au kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili ambao oda yenyewe imefichwa katikati ya salamu na habari za msiba. Karani anaiandika kwenye daftari, anapiga hesabu, anamtumia mteja jumla. Mteja analipa kwa lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu, na kutuma skrinishoti. Karani anaifowadi kwenye grupu la duka. Keshia akiiona anatoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Mtunza stoo, naye akiwa kwenye grupu hilo hilo, anapakia. Dereva anapewa kikaratasi chenye jina la eneo na namba ya simu.

Ukifuatilia oda moja tangu inaingia mpaka inashushwa, imepita kwa watu wanne, na kila mmoja ama ameiandika upya ama ameishika kichwani. Katika oda 60, tano au sita zinakuwa na kasoro: bidhaa siyo, mahali siyo, mzigo umetoka kabla ya pesa kuingia, au oda imezama chini ya picha za harusi kwenye grupu na hakuna aliyeikumbuka mpaka mteja apige simu akiwa na hasira.

Mwenye duka alitaka mambo mawili. Kwanza, roboti ya kusoma jumbe, kupanga oda na kujibu bei yenyewe. Pili, maoni na maswali yanayoandikwa kwenye Instagram na Facebook ya duka yakusanywe, ili aweze kujua anunue nini.

Roboti iliyosoma vizuri siku ya maonyesho

Siku ya maonyesho roboti haikukosea. Ni kawaida, kwa sababu jumbe za maonyesho huandikwa na wale wale walioitengeneza: "Naomba saruji mifuko 20 na misumari kilo 5." Mafundi wa Makorora hawaandiki hivyo. Chukua ujumbe huu, ambao kwa muuzaji yeyote wa nondo ni wa kila siku:

"Nondo 16 za 12, waya kilo 3, misumari nchi 4 kilo 5. Duga kesho saa 10."

Anza na nondo. Fundi anataka vipande 16 vya milimita 12. Lakini duka linauza pia nondo za milimita 16, na kwenye orodha ya bei zimeandikwa "Nondo 16". Roboti imefundishwa kwamba namba inayofuata jina la bidhaa ni saizi, kwa hiyo inaandika vipande 12 vya milimita 16. Kosa hili ni baya kwa sababu halionekani kwa macho. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, na ya milimita 16 ina kilo 1.58. Kwa nondo za mita 12, oda sahihi ina kilo 170 hivi, na oda ya roboti ina kilo 227 hivi. Tofauti ni theluthi moja ya uzito, na bei ya chuma hufuata uzito. Ingekuwa mara kumi mteja angeshtuka, lakini theluthi anaichukulia kuwa chuma kimepanda tena. Analipa. Kosa linagundulika saiti, nondo zimeshashushwa na utingo anadai nauli ya kurudisha.

"Nchi 4" ni inchi 4. Kila fundi anaandika hivyo, na roboti haikuwa na neno hilo kwenye orodha yake ya vipimo. Hili ni dogo: unaliongeza na kwisha.

"Saa 10" si dogo. Programu iliandika 10:00, yaani saa nne asubuhi, wakati mteja alikusudia saa kumi jioni. Ukiambiwa uongeze saa sita kwenye kila saa utatatua nusu ya tatizo, maana wapo wateja wa ofisini wanaoandika "14:00" na wengine "10am", na hao ukiwaongezea saa sita umewaharibia. Hata hivyo, "saa 4" ikisomwa 04:00 ina afadhali, kwa sababu hakuna dereva anayepeleka saruji alfajiri, mtu atauliza. Inayoumiza ni ile inayotoa saa inayowezekana. Gari linafika saa nne asubuhi, saiti hakuna mtu, mifuko inashushwa nje, na kama ni mwezi wa nne masika yamekolea, saruji ya mteja inanyeshewa ikiwa na risiti halali ya duka.

Kisha Duga. Iko Duga ya ndani ya jiji la Tanga, na iko Duga ya Wilaya ya Mkinga, kwenye barabara ya kwenda Horohoro. Karani anayemjua fundi anajua ni ipi bila kuuliza. Roboti ilichagua ya jijini kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha. Pangani nayo ni hivyo hivyo: mteja anaandika "Pangani" akiwa na maana ya mjini, au ya Bweni ng'ambo ya mto, na hiyo ni safari nyingine na nauli nyingine. Hata "barabara ya 12", ambayo kwa mtu wa Tanga ni anwani kamili, iliingia mara kama "bar 12", mara "B12", mara "br ya kumi na mbili", na mfumo ukaona mitaa mitatu.

Kosa la mwisho la awamu hiyo ndilo lililomfanya mwenye duka aizime. Roboti ilikuwa na amri ya kufunga oda ikiona neno lenye "fika" ndani yake, kwa kuwa wateja huandika "mzigo umefika, asante". Mteja wa Majani Mapana akaandika "mzigo haujafika". Oda ikafungwa. Akaandika "bado haujafika mpaka sasa". Oda tayari ilikuwa imefungwa, kwa hiyo akajibiwa na ujumbe wa kumshukuru kwa kununua. Kukanusha kwetu kunakaa mwanzoni mwa kitenzi: haujafika, haijafika, hazijafika, hamjaleta, sijapata. Mtambo unaotafuta shina la neno peke yake hauwezi kuona kukanusha huko. Wanaojenga vichujio vya maneno kwa kuiga mfumo wa lugha nyingine hukwama hapa mara nyingi, na dawa ya haraka ya kuongeza orodha ya maneno ya kukanusha huzaa makosa mengine: "Sijui kama ulijua umefika" itaangukia wapi?

Kusoma kubaki kwa karani

Roboti ilipewa kazi isiyoifaa. Ujumbe wa fundi ni kipande cha mazungumzo yaliyoanza miezi mingi nyuma, na karani ndiye anayeyakumbuka. Anajua huyu anajenga Duga ipi, anajua yule akisema "waya" anataka wa kufungia nondo na siyo wa umeme. Ukitazama vizuri, kusoma hakukuwa kunachukua muda mwingi. Karani mzoefu anaelewa oda kwa sekunde kadhaa. Muda, na makosa, vilikuwa kwenye kuandika upya, kukumbusha, kulinganisha malipo, na kujibu "mzigo wangu umefikia wapi?" mara ishirini kwa siku.

Kwa hiyo mpangilio wa pili uliacha kusoma kwa mtu, na kila kinachofuata baada ya kusoma kikawa cha mfumo.

Karani akishaelewa ujumbe anajaza fomu fupi kwenye kompyuta, pembeni ya mazungumzo. Namba ya simu inaingia yenyewe kutoka WhatsApp. Asiiandike kwa mkono, wala asichukue ile aliyoitaja mteja: WhatsApp inaleta namba kamili yenye 255 mbele, au 254 kwa mteja wa Lungalunga, upande wa Kenya, wakati mteja mwenyewe ataandika inayoanzia na 0 tu. Bidhaa huchaguliwa kwenye orodha, na saizi ni sehemu ya jina, "Nondo mm 12", "Nondo mm 16", "Bati geji 30", ili pasiwepo namba inayoelea. Idadi ina kisanduku chake. Eneo huchaguliwa kata pamoja na wilaya, halafu panaongezwa alama ya karibu kwa maneno ya mteja: msikiti, mashine ya kusaga, mwembe. Muda haujazwi kwa saa. Zipo zamu tatu tu, asubuhi, mchana na jioni, na mzozo wa saa umeisha hapo. Mwisho ni jina na simu ya atakayepokea saiti, ambaye mara nyingi siye anayelipa.

Akibonyeza kuhifadhi, mfumo unamtumia mteja uthibitisho:

"Oda 0417. Nondo mm 12, vipande 16. Waya wa kufungia, kilo 3. Misumari inchi 4, kilo 5. Kupelekwa Duga, Wilaya ya Mkinga, kesho zamu ya jioni. Bei ni ya leo mpaka saa 12 jioni."

Chini yake jumla ya fedha, na vitufe viwili: "Sawa, endelea" na "Kuna marekebisho". Huu ujumbe ndio moyo wa mfumo mzima. Hapa ndipo nondo 16 za 12 zinapoandikwa kwa namna isiyo na njia mbili, na mwenye kujua anachotaka anaiona kabla ya pesa kutoka. Vitufe vina sababu. Ukimwambia mteja ajibu 1 au 2, atajibu "sawa mama", "poa", "shukran", au dole gumba, nawe umerudi kwenye kusoma. Jukwaa la biashara la WhatsApp linaruhusu vitufe vya kujibu visivyozidi vitatu kwa ujumbe mmoja, na maandishi ya kitufe yasizidi herufi 20, nafasi zikihesabiwa. Andika kwa ufupi tangu mwanzo.

Sentensi ya bei mpaka saa 12 jioni haikuwepo mwanzoni. Bila hiyo, mteja anathibitisha Jumatatu, analipa Ijumaa, saruji imepanda katikati, na anao ujumbe wa duka wenye bei ya zamani. Ugomvi huo atashinda yeye, na kwa haki.

Oda iliyothibitishwa inapita hatua tano: imethibitishwa, imelipwa, imepakiwa, imeondoka, imefika. Kila hatua ina mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuisogeza. Keshia peke yake husema imelipwa, mtunza stoo peke yake husema imepakiwa. Dereva anabonyeza imeondoka, na imefika inakuja kwa mpokeaji kumtajia dereva tarakimu nne zilizotumwa kwenye simu ya mpokeaji huyo. Kila hatua ikisogea mteja anapata ujumbe, na maswali ya "umefikia wapi" yanapungua bila mtu kuyajibu. Bidhaa hushikwa stoo oda inapothibitishwa, hutolewa kwenye hesabu inapopakiwa, na ikipita saa 12 jioni bila malipo huachiwa. Maduka mengi hutoa kwenye hesabu wakati wa malipo, na ndiyo sababu jedwali linasema zipo mabati 40 wakati mtunza stoo anayaona 65. Ishirini na tano yamelipiwa, hayajachukuliwa.

Mitego ya kiufundi

Mteja akiandika, duka lina saa 24 za kumjibu kwa maneno yoyote. Zikipita, jukwaa linakubali kiolezo tu, yaani ujumbe uliotungwa na kuidhinishwa mapema wenye nafasi za kujaza namba ya oda au siku. Oda ya Jumamosi inayopakiwa Jumatatu imeshatoka nje ya saa hizo, kwa hiyo ujumbe wa "mzigo umeondoka" lazima uwe kiolezo. Andaa vitatu au vinne kabla ya kuanza. Na usichomeke tangazo ndani ya kiolezo cha taarifa. Sentensi ya "karibu pia ujipatie rangi kwa punguzo" inatosha kukifanya kihesabiwe kuwa cha matangazo, ambacho gharama yake ni kubwa zaidi.

Seva ya duka ikichelewa kuitikia, jukwaa litaleta taarifa ya ujumbe ule ule tena. Kama mfumo unafungua oda kila taarifa inapoingia, mteja mmoja atakuwa na oda mbili, na siku mtandao ukiwa mzito atakuwa na tatu. Kila ujumbe una kitambulisho chake. Itikia kwanza, angalia kama kitambulisho kimeshawahi kuingia, kama hakijaingia kihifadhi, ndipo ufanye kazi. Ni mistari michache ya programu, na kukosekana kwake hakuonekani mpaka siku ya kwanza yenye shughuli nyingi.

Kabla ya kuhamisha namba ya duka kwenda kwenye jukwaa, muulize anayekuunganishia kama namba hiyo itabaki pia kwenye programu ya simu. Ikiwa haibaki, makarani waambiwe mapema na mazungumzo ya zamani yahifadhiwe, la sivyo wataamka asubuhi simu haina historia ya mteja hata mmoja.

Orodha ya wateja ya zamani ilikuwa kwenye jedwali la kompyuta, na jedwali lilikuwa limekula sifuri ya mbele ya kila namba, kwa kuwa liliichukulia kuwa hesabu. 0713 ikawa 713. Safu ya simu ipangwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote.

Umeme ukikatika au mtandao ukilala, duka halifungwi. Kuna kitabu cha nakala tatu chenye namba zilizochapwa zikianzia na herufi P, ili oda za karatasi zisigongane na za mfumo. Zinaingizwa jioni hiyo hiyo, zikiwa na P yake.

Skrinishoti si malipo

Hili linastahili kusimama peke yake. Ujumbe wa muamala unaweza kutengenezwa, kurekebishwa, au kuwa wa kweli lakini wa wiki iliyopita. Chini ya utaratibu wa zamani keshia alikuwa anatazama picha iliyofowadiwa na mtu aliyeipokea kwa mtu. Katika mpangilio mpya picha ya mteja haina kazi yoyote, hata ikija hakuna pa kuiweka. Malipo hutambuliwa kutoka kwenye kumbukumbu za lipa namba ya duka lenyewe, na mfumo unayagawa mafungu matatu. Kiasi na namba ya simu vikilingana na oda moja iliyo wazi, keshia anapewa pendekezo na anathibitisha. Kiasi kikilingana lakini namba ni nyingine, na hili hutokea kila siku kwa sababu anayelipa ni mke, mjomba au ndugu aliyeko Dar, keshia anapiga simu kuuliza. Kisicholingana na chochote kinakaa kwenye orodha ya malipo yasiyo na mwenyewe, na duka halifungwi jioni mpaka kila mstari wa orodha hiyo uwe na maelezo.

Wapo wanaotatua hili kwa kuongeza shilingi chache kwenye jumla, ili kila oda iwe na kiasi cha pekee. Inafanya kazi kwa kulinganisha, lakini jumla ya risiti ya EFD na pesa iliyoingia havitalingana, na mhasibu atakuchukia mwisho wa mwezi kwa sababu ya msingi.

Maoni ya Instagram na swali la nini kinunuliwe

Ombi la pili la mwenye duka lilianza na programu ya kupima hisia za watu, iliyotengenezwa nje, inayogawa maoni kuwa mazuri na mabaya. Chini ya picha ya mabati ya rangi watu waliandika "hatari sana hii", "kali mno", "noma". Programu ikatoa taarifa kuwa wateja wana hofu na bidhaa. Na "asanteni kwa kunizungusha wiki nzima" ikawekwa kwenye shukrani. Mtu angeweza kuifundisha upya kwa mifano ya Kiswahili cha mtandaoni, ila kwa duka lenye maoni mia moja au mia mbili kwa wiki ni kazi bure. Karani akiyapitia kwa nusu saa, ameyasoma yote na ameelewa kejeli zote.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuhesabu maoni kama oda. Picha ile ya mabati ya rangi ilipata "bei?" nyingi kuliko kitu chochote dukani, na mwenye duka alikuwa tayari kuagiza. Walipoangaliwa waulizaji mmoja mmoja, wengi walikuwa Dar, Arusha na Mombasa, ambako nauli ya bati inakula faida yote. Mtu mmoja alikuwa ameuliza mara sita. Wengine walikuwa wauzaji wenzake wakipeleleza bei.

Kilichokuja kuwa na faida ni takwimu ambazo hazikuwa kwenye Instagram kabisa, bali ndani ya mazungumzo yaliyoisha bila oda. Karani akifunga mazungumzo ambayo hayakuzaa oda, mfumo unamtaka abonyeze sababu moja kati ya nne: bei, hatuna bidhaa, hatufiki huko, muda haufai. Akichagua "hatuna", anachagua pia bidhaa iliyoulizwa na kata ya mteja. Ni mibonyezo mitatu. "Bei?" ya Instagram nayo inajibiwa kwa kumwalika muulizaji kwenye WhatsApp, na anapokuja anaingia kwenye hesabu hiyo hiyo, akiwa na mahali na bidhaa.

Kanuni ya kusoma hesabu ni kuhesabu watu, siyo jumbe. Watu 10 tofauti, ndani ya wiki nne, wanaoulizia kitu kimoja wakiwa katika maeneo ambayo magari ya duka yanafika, wanatosha kununua mzigo mdogo wa kujaribu. Katika mfano wetu bidhaa iliyojitokeza ilikuwa bati la geji 28, lililoulizwa na watu wa Sahare, Chumbageni na Muheza waliokuwa wanaambiwa "tuna geji 30 tu". Hakuna aliyeandika jambo hilo kwenye Instagram. Na "hatufiki huko" ilipojirudia kwa Pangani, ikawa hoja ya kupanga safari moja ya pamoja kila wiki, badala ya kukataa oda ndogo moja moja.

Malalamiko yanayoandikwa hadharani yapewe namba ya oda ndani ya mfumo, yajibiwe hadharani kwa sentensi moja, na mengine yaende faragha. Karani asiandike kwenye maoni kuwa "wewe bado unadaiwa", hata kama ni kweli.

Grupu la mafundi, na mali kauli

Karani mmoja yumo kwenye grupu la mafundi la WhatsApp lenye mamia ya watu. Mwenye duka alitaka namba zote zichukuliwe na zitumiwe matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali linaloeleweka na zitumike kwa lengo hilo, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake kutumika kumtangazia biashara. Fundi alijiunga na grupu ili kupata kazi, siyo ili kupokea punguzo la rangi. Mbali na sheria, watu wakiiripoti namba ya duka, WhatsApp inaweza kuipunguzia uwezo au kuifunga, na namba hiyo ndiyo inayoleta oda 40 kwa siku.

Wanaoweza kutumiwa ni waliokubali. Kwenye ujumbe wa "mzigo umefika" kinawekwa kitufe "Nijulishe bei mpya", na anayebonyeza anaandikwa pamoja na tarehe. Aliyeulizia geji 28 akaambiwa hatuna huulizwa hapo hapo kama ajulishwe likija. Duka kama mkusanyaji wa taarifa linatakiwa pia kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa kuwa seva za huduma hizi ziko nje ya nchi, masharti ya kusafirisha taarifa nje yaangaliwe kabla ya kusaini mkataba na anayeunganisha mfumo. Picha za vitambulisho ambazo wateja hutuma bila kuombwa zifutwe. Hazina kazi dukani.

Ombi lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Mafundi wengi huchukua mali kauli, yaani bidhaa za kulipia baadaye, na mwenye duka alitaka mfumo uangalie kurasa zao za Facebook, kazi wanazoonyesha na marafiki walio nao, kisha uamue nani apewe na nani anyimwe. Fundi bora wa kupaua Mabawa huenda hana ukurasa kabisa, na majumba ambayo mwingine anayapiga picha huenda ni ya wenzake. Sheria hiyo hiyo inampa mtu ulinzi dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mtambo peke yake. Duka tayari lina taarifa bora: tarehe ya kuchukua na tarehe ya kulipa ya kila oda ya nyuma.

Kiwango kilichowekwa ni hiki. Fundi mwenye oda tano zilizolipwa taslimu anaweza kuombewa mali kauli isiyozidi thamani ya oda yake ya wastani, kwa siku 14. Mfumo unaandaa pendekezo na kuonyesha tarehe za malipo yake. Anayebonyeza ni mwenye duka. Akikataa anaandika sababu, kwa maneno ambayo karani anaweza kumsomea fundi akiwa amesimama kaunta.